William Smellie: Tabibu aliyefundisha kumwokoa mtoto anayetanguliza makalio

WILLIAM Smellie alifariki dunia mwaka 1763, lakini mbinu inayobeba jina lake ingali inafundishwa kwa wakunga na madaktari wanaomzalisha mama ambaye mtoto wake ametanguliza makalio badala ya kichwa.

Alizaliwa mwaka 1697 nchini Scotland, akatibu katika mji wa Lanark kwa takriban miaka 20 kabla ya kuhamia London mwaka 1739. Katika jiji hilo alifungua darasa la ukunga, akifundishia kwa sanamu ya ngozi iliyojengwa juu ya mifupa halisi ya nyonga. Wanawake maskini walihudumiwa bila malipo, kwa sharti kwamba wanafunzi washuhudie.

Mtoto anapotanguliza makalio, kichwa hutoka mwisho. Kikikwama, kitovu hubanwa na mtoto hukosa hewa kwa dakika chache tu. Akiendeleza kazi ya Mfaransa Francois Mauriceau, Smellie alielekeza mtoto alazwe juu ya mkono wa mzalishaji, vidole vibonyeze pande mbili za pua ili kidevu kiinamie kifuani, huku mkono wa pili ukishika mabega. Iliposhindikana, alitumia koleo refu lililopinda.

Si wote waliomuunga mkono. Mwaka 1760 mkunga Elizabeth Nihell alimshambulia kwa maandishi, akipinga wanaume na vyuma vyao kuingia katika ukunga. Hata hivyo, Smellie mwenyewe alishikilia kuwa uzazi ulio mwingi hauhitaji koleo.

Alistaafu mwaka 1759 na kurejea Lanark, alikofia akiwa na umri wa miaka 66, akiiachia shule ya mji huo vitabu vyake.

Tatizo alilopambana nalo halijaisha, hasa kwa watoto njiti. Kichwa chao ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, hivyo kiwiliwili huweza kupenya mlango wa kizazi ambao haujafunguka vya kutosha, kichwa kikanaswa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa upasuaji uliopangwa ni salama zaidi kwa mtoto aliyetimiza miezi, lakini haukuwahusisha njiti. Majaribio ya kulinganisha njia hizo kwa njiti yalikwama kwa kukosa washiriki wa kutosha, na hata katika upasuaji kichwa chaweza kunasa.

Kwa sababu hiyo, uamuzi hufanywa kwa kila mama peke yake, na leba inapoutangulia upasuaji, ujuzi wa mikono aliofundisha Smellie ndio unaotegemewa.