Morgan na Taa za Njia Panda

Sisi tukaao kando ya ziwa hapa Kigera twamkumbuka Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Kentucky mwaka 1877. Shule aliiacha mapema, akaishi Cleveland kwa kutengeneza cherehani. Mwaka 1916, mlipuko ulipotokea katika handaki chini ya Ziwa Erie, aliingia amevaa kofia yake ya kuzuia moshi, akaokoa watu. Mwaka 1923 akapata hataza ya chombo cha kuongozea magari, chenye ishara ya tatu: magari yote yasimame, hata waendao kwa miguu wavuke. Alifariki mwaka 1963.

Taa za kisasa huhesabu magari, zikajipangia muda kwa kadiri ya foleni. Twawaomba maofisa wanaoziagiza wahakikishe kwamba zinamhesabu pia mwenzetu wa visiwani, atokaye mwaloni na beseni la dagaa kichwani.