Caroline Chisholm, Mlezi wa Wahamiaji

Jamaa nyingi katika nchi yetu zimekwisha kumsindikiza binti aendaye kutafuta kazi mbali. Kwa watu wa Chokocho, kusini mwa Pemba, safari huanzia bandari ya Mkoani. Kwa wengine huanzia kituo cha mabasi. Mama hurudi nyumbani akijiuliza ni nani atakayempokea mwanawe. Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya mama mmoja Mkatoliki, Caroline Chisholm.

Alizaliwa Northampton, Uingereza, mwaka 1808. Mwaka 1830 aliolewa na Archibald Chisholm, afisa Mkatoliki katika jeshi la Madras, India, naye akaingia Kanisa Katoliki. Kabla ya kukubali ndoa, alimtaka mchumba wake asimzuie kamwe kuwahudumia maskini. Archibald aliahidi, na ahadi hiyo akaishika maisha yake yote.

Mwaka 1838 walifika Sydney, mji mkuu wa koloni ya New South Wales, huko Australia. Uingereza ilikuwa imeianzisha koloni hiyo mwaka 1788 iwe mahali pa kuwatupia wafungwa, katika ardhi waliyonyang'anywa wenyeji wake. Wafungwa wapatao 80,000 walipelekwa huko. Mwaka 1840 serikali iliamua kuacha kuwapeleka, nao wahamiaji huru wakazidi kuja, miongoni mwao wasichana wengi maskini. Nauli zao zililipwa, lakini makao hayakuandaliwa. Katika koloni wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na waovu walingoja bandarini ili kuwarubuni wageni. Wasichana wakalala mitaani, na wengine njaa ikawasukuma katika ukahaba.

Caroline alianza kwa kuwachukua baadhi yao nyumbani mwake. Kisha akamwendea Gavana, Sir George Gipps, wala hakuchoka kurudi, hata mwaka 1841 akapewa sehemu ya jengo kuukuu la serikali. Usiku wa kwanza alikuta limejaa panya. Akawatupia mkate, akakaa macho mpaka kukapambazuka. Usiku uliofuata mkate ulikuwa na sumu. Wako waliomshuku kwamba anatumwa na mapadre. Lakini yeye alimpokea kila mtu, wa dini yo yote.

Kazi zilikuwa mashambani, nao wasichana waliogopa kwenda peke yao. Basi akapanda farasi, akaiongoza misafara yao mwenyewe, akamfikisha kila mmoja kwa tajiri mwema, kwa mkataba ulioandikwa. Hadi mwaka 1846 alikuwa amewasaidia watu wapatao 11,000.

Mwaka huo alirudi Uingereza. Huko aliitaka serikali iwasafirishe bure wake na watoto wa wafungwa waliokwisha kufunguliwa, kama walivyoahidiwa zamani, nayo ikakubali. Mwaka 1849 akaanzisha chama cha nauli: jamaa ilitoa akiba yake, chama kikakopesha kilichopungua, na deni likalipwa kidogo kidogo huko ng'ambo. Msichana asiye na ndugu aliwekwa chini ya ulinzi wa jamaa moja katika merikebu. Papa Pius IX alimpokea Roma, akampa nishani.

Mwaka 1854 alirudi Australia, akahimiza kujengwa vibanda vya kulala wasafiri katika njia za machimbo ya dhahabu. Hakujiwekea mali. Alikufa London tarehe 25 Machi 1877, maskini, baada ya kuugua miaka mingi. Tangu mwaka 1967, kwa miaka zaidi ya ishirini, Australia iliiweka sura yake katika noti ya dola tano.

Mama huyu hakuwa mtawa, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mke wa askari mwenye watoto wa kulea. Naye aliona kwamba kumleta mgeni bila kumpokea ni kumtupa. Leo wako mabinti wanaoshuka mijini kwetu wakiwa na mfuko mmoja, bila mwenyeji. Wengine wako ndani ya nyumba zetu, wakitupikia na kuwabeba watoto wetu. Je, mapatano yao yanajulikana kwa wazazi wao? Je, mshahara hulipwa kwa wakati wake? Je, Jumapili hupata nafasi ya kwenda kusali? Kila jamaa ya Kikristo na ijibu maswali hayo mbele ya Mungu, ikikumbuka kwamba Bwana wetu atatuhukumu kwa jinsi tulivyompokea mgeni.