Edwin Armstrong, fundi aliyetuletea FM

Ukiwa Bukavu, Bunia ao Kalemie, jioni unazungusha kitufe cha radio kati ya 88 na 108, unapata habari. Watu wachache wanajua jina la mtu aliyefanya ile sauti ifike safi, bila makelele ya radi. Alikuwa Mmarekani, Edwin Howard Armstrong.

Alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Alipokuwa kijana, familia yake ikiwa imehamia Yonkers, alisimamisha nyuma ya nyumba mlingoti wa mita karibu 38, akiupanda mwenyewe, juu ya kutafuta mawimbi ya mbali. Wakati ule radio ilisikika kidogo sana, mpaka uvae vifaa vya masikio na kunyamazisha nyumba nzima.

Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichukua lampu ya radio iliyobuniwa na Lee de Forest akafanya jambo ambalo leo linaonekana dogo. Sauti iliyotoka kwenye lampu aliirudisha tena kwenye mlango wake, kwa njia ya bobini mbili zilizokaribiana. Sauti ikarudi, ikakua, ikarudi tena. Usiku ule alimwamsha dada yake kwa furaha. Halafu akaona kitu kingine: ukizidisha kile kinachorudi, lampu haingoji tena wimbi la mtu, inaanza kutoa la kwake. Hiyo ndiyo osileta, moyo wa kila kisambazaji.

Mafundi vijana wanatuulizaga: kwa kazi ndogo, nichague osileta gani? Ile ya Armstrong inataka bobini mbili, na kuzipanga ni kazi ya mikono. Ralph Hartley alikuja na bobini moja tu, yenye waya uliochomolewa katikati. Edwin Colpitts aliiacha bobini nzima, akagawanya kazi kwa kondensateri mbili. Kwa kifaa kidogo cha transista moja kwenye mawimbi ya FM, sisi tungechagua Colpitts: pale bobini iko na mizunguko michache tu, kuchomoa waya katikati kunasumbua, na kondensateri hazikosekani kwenye radio zilizokufa. (Kujifunza mezani ni sawa, kurusha matangazo kunaomba ruhusa ya serikali.) Lakini zote tatu zinafanya kazi kwa wazo moja, lile la kurudisha.

Na wazo lile ndilo lilimuumiza. Baba yake alikataa kutoa feza za patenti mpaka amalize masomo. Kijana akauza pikipiki yake, hazikutosha. Tarehe 31 Januari 1913 akapeleka mchoro wake kwa noteri upigwe muhuri, na ombi lenyewe la patenti likangoja mpaka Oktoba. De Forest naye akasema ni yeye aliyetangulia. Kesi ikavutana miaka na miaka, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest haki. Mainjinia wengi waliona majaji hawakuelewa hata mashine waliyokuwa wanaihukumu. Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa chama chao kurudisha medali waliyompa. Walikataa kuipokea, wakasimama wakampigia makofi.

Kumbe hakuwa amekaa bure. Wakati wa vita ya kwanza, akiwa mwanajeshi Paris, alibuni mwaka 1918 mpango wa kupokea mawimbi kwa kuyachanganya na yale ya osileta iliyo ndani ya radio yenyewe. Karibu radio zote zilizokuja nyuma ziliufuata. Mwaka 1923 alimuoa Marion MacInnis, sekretere wa David Sarnoff, mkubwa wa kampuni RCA. Na tarehe 26 Desemba 1933 alipata patenti za FM.

Sarnoff alikuwa rafiki, lakini RCA ilikuwa imeweka feza zake upande mwingine. Armstrong akajenga mnara wake mwenyewe Alpine, New Jersey. Mwaka 1945 serikali ikahamisha FM kutoka mawimbi ya zamani, ikaipeleka juu, kule tunakoisikia leo. Siku moja radio zote za FM ambazo watu walikuwa wamenunua zikageuka kazi bure. Mwaka 1948 akashitaki RCA juu ya patenti zake, na avoka wakala mali yake pole pole.

Ugomvi ule uliingia mpaka nyumbani. Marion aliondoka, akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1954, miaka 41 kamili tangu ule muhuri wa noteri, Armstrong alijitoa uhai. Alimwachia mke wake barua.

Mwisho wa mwaka ule RCA ikalipa karibu dola milioni moja. Marion hakuishia hapo. Aliendelea kufuata kampuni moja baada ya ingine, na kesi ya mwisho, ya Motorola, aliishinda mwaka 1967.