Katharine Hepburn: nyota wa sinema aliyeficha kilio chake miaka 70

Mwaka wa 1951, wazungu wa sinema walifika kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji ambao leo tunauita Ubundu, katika jimbo la Tshopo. Walikuja kupiga picha za filamu The African Queen. Kati yao alikuwa Katharine Hepburn, ambaye tayari alikuwa nyota mkubwa wa Hollywood. Safari hiyo iliendelea hadi Uganda. Wengi waliugua, na yeye pia aliharisha vibaya sana, lakini hakuacha kazi. Ndivyo watu walivyomjua: mwanamke mgumu, asiyeonyesha machozi.

Ugumu huo ulianza zamani. Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 huko Hartford, Marekani, mtoto wa munganga. Alimpenda sana yaya yake, Tom. Mwaka wa 1921, wote wawili walienda kutembea New York. Asubuhi moja Katharine alienda kumwamsha, akamkuta amekufa. Tom alikuwa na miaka 15, yeye 13. Ilionekana kijana alijiua, lakini baba yao alisema ni ajali, na nyumbani habari hiyo ikanyamaziwa.

Kisha Katharine akachukua siku ya kuzaliwa ya Tom, tarehe 8 Novemba, akaifanya yake. Magazeti yaliiandika hivyo miaka na miaka. Mpaka 1991, katika kitabu cha maisha yake, ndipo alitoa tarehe ya kweli.

Mapenzi nayo yalikuwa ya kujificha. Kwa miaka kama 25 alimpenda muigizaji Spencer Tracy, Mkatoliki aliyekuwa na bibi na watoto, tena mtu wa pombe. Tracy hakuvunja ndoa yake. Alipokufa, Juni 1967, Hepburn ndiye alikuwa naye nyumbani, lakini kwenye mazishi hakuenda, kwa kuheshimu mjane na watoto. Filamu yao ya mwisho pamoja hakutaka kuitazama.

Alipata Oscar 4 za muigizaji bora wa kike. Hakuna mwingine aliyezifikisha. Alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Kwetu, mtu akifiwa, majirani wanakuja kuketi naye siku nyingi. Yeye, aliyejulikana dunia nzima, alikulia katika nyumba iliyonyamazia kifo cha Tom.