King Tubby, fundi wa redio aliyejua cha kutoa

Kama umewahi kupanda matatu ya Kawangware jioni, ile yenye besi ya kutikisa mpaka meno, basi umeshakutana na King Tubby hata kama jina lake hulijui. Unaijua ile sehemu ya reggae ambapo mwimbaji anakatika ghafla katikati ya neno, gitaa linabaki likielea kama moshi, halafu ngoma na besi zinarudi kwa kishindo na makanga anagonga bodi kwa furaha? Mambo hayo yalipikwa na mafundi wachache wa Jamaika, na huyu ndiye waliyemwita mfalme.

Alizaliwa Kingston, Januari 28, 1941, jina lake kamili Osbourne Ruddock. Usisikie Tubby ukadhani alikuwa bonge la mtu. Picha zake zinaonyesha jamaa mwembamba, nadhifu, shati limenyooka. Wengi husema jina lilitokana na ukoo wa mamake, Tubman.

Hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi wa redio na televisheni. Tulia hapo kidogo. Yule jamaa wa kibanda cha Makina, aliyezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo, ama wale wa Luthuli Avenue wanaochomea waya huku wakibishana kuhusu mpira: huyo ndiye Tubby akiwa kijana. Kingston ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na disko za mtaani, spika kubwa kama makabati zimepangwa uwanjani na kila mtaa na disko yake. Joto na mvua viliharibu vyombo, na wapinzani nao walihujumiana. Kila kitu kilipozima, aliitwa Tubby. Alitengeneza amplifaya kwa mikono yake, na karibu 1961 au 1962 akaunda hadi mtambo wa kurusha matangazo, akaendesha redio yake bila leseni. Aliposikia polisi wanauliza ni nani, akaizima chap chap.

Baadaye akawa na disko yake mwenyewe, Tubby's Hometown Hi-Fi, na U-Roy kwenye maiki. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa safi. Besi ilikuwa nzito lakini haikumeza maneno. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mwaka 1968 akaanza kumfanyia kazi Duke Reid, mwenye studio ya Treasure Isle. Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga sahani, yaani kuhamisha wimbo kutoka kwenye tepu hadi kwenye santuri. Aliambiwa aondoe sauti ya mwimbaji ili madijei wa disko wapate mahali pa kuongea juu ya muziki. Akaiondoa. Kisha akaona kwamba akiiacha iingie kidogo, aikate, airudishe tena, wimbo mzee unakuwa mpya kabisa. Hapo mzigo mzima wa dub ukaanza kusogea.

Studio yake ilikuwa nyumbani kwa mamake, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse. Mtaa wa watu wa chini, kama kwetu tu. Chumba cha kulala kilikuwa cha mitambo, na bafu likawa chumba cha kuimbia. Bendi haingetoshea hata ingejikunja. Kwa hivyo wanamuziki walirekodi kwenye studio kubwa, kisha maprodyusa kama Bunny Lee, Lee Perry na Augustus Pablo wakamletea tepu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bunny Lee akimsaidia, alinunua miksa iliyokuwa imetumika tayari katika studio ya Dynamic Sounds. Njia nne tu za sauti. Wewe na simu yako una nyingi kuliko hizo.

Lakini miksa hiyo ilikuwa na nobu moja kubwa, na hii ndiyo sababu ninakuandikia.

Kila sauti ina masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na tunayapima kwa Hezi. Sikio la kijana hupokea kuanzia karibu 20 hadi 20,000. Besi na ile ngoma ya mguu hukaa chini, chini ya 100 hivi. Kati ya 200 na 400 ndiko matope hujaa, kwa sababu gitaa, kinanda na kifua cha mwimbaji vyote hupenda kukaa huko. Utamu wa maneno, zile herufi zinazokufanya uelewe mtu anasema nini, uko juu zaidi, kwenye 2,000 hadi 5,000. Ikwalaiza ni kifaa cha kuongeza au kupunguza kila eneo. Nobu ya Tubby ilikuwa chujio: inazuia masafa ya chini na kuruhusu ya juu yapite. Ilipanda hatua kwa hatua kutoka Hezi 70 hadi 7,500. Ikiwa kwenye 70, karibu kila kitu kinapita. Ukiizungusha mpaka mwisho, tarumbeta nzima inabaki mluzi mwembamba kama mbu sikioni. Alifanya hivyo kwa mkono, tepu ikizunguka. Na hata radi ile unayosikia kwenye dub wakati mwingine ni yeye anagonga mtambo wa mwangwi wenye springi ndani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kufungua kitu ninachokiita studio hapa Kawangware: chumba kimoja, kompyuta ya mitumba, blanketi mlangoni. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa kijana wa Gatwekera, Kibera, aliyeimba wimbo wa kumuaga kaka yake. Nilijaza kila kitu. Besi ikipwaya, naongeza. Gitaa likififia, naongeza. Sauti ikizama, naongeza nayo. Kwenye hedifoni ilikuwa moto. Siku ya mazishi, kwenye spika za kukodi, ulisikika mngurumo tu. Hakuna aliyesikia jina la marehemu likitajwa, na mamake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kijana hakunidai pesa. Afadhali angedai.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilianza kusikiliza Tubby kwa makini, hasa King Tubbys Meets Rockers Uptown, albamu ya Augustus Pablo ya 1976. Wimbo uliobeba jina hilo umetokana na wimbo wa Jacob Miller, na sauti ya Miller inapita vipande vipande. Nenda kausikilize kwa spika ya simu, ile ndogo isiyoweza besi. Bado unaelewa kila kinachoendelea. Ni kwa sababu kabla ya kitu kuingia, Tubby alikuwa ameshatoa kilichokuwa kimekalia nafasi yake. Mwaka mzima mimi nilikuwa nauliza nini kinakosekana.

Alifundisha pia. Philip Smart, Prince Jammy na Hopeton Brown, yule anayeitwa Scientist, wote walipitia kwake. Scientist alifika akiwa kijana mdogo anayependa umeme, na kabla ya kukabidhiwa nyimbo alikuwa anatengeneza televisheni. Mwaka 1985 Jammy ndiye aliyetikisa Jamaika kwa midundo ya kompyuta na wimbo Under Mi Sleng Teng. Tubby naye mwaka huo huo akajibu kutoka studio mpya na lebo yake, Firehouse, kwa wimbo Tempo wa Anthony Red Rose. Mwanafunzi na mwalimu, mtaa mmoja. Mashabiki wengine husema miaka hiyo Tubby alikuwa amepoa. Sikubaliani nao, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Februari 6, 1989, alitoka studio akarudi nyumbani. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake na kufa. Alikuwa na miaka 48. Watu walidhani ni wizi, na muuaji hajawahi kujulikana. Sisi wa mitaa hii tunaijua vizuri habari ya aina hiyo.

Sasa ni saa tano usiku na mvua imeanza kupiga mabati, kwa hivyo siwezi kurekodi, lakini naweza kumiksi. Nimemwomba kijana wa Gatwekera faili zake za zamani. Nimekata gitaa chini ya Hezi 150, nimeshusha kinanda pale kwenye 300, na sauti yake nimeichuja chini ya 90. Sijaongeza kitu. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ni Jumamosi, na spika ni zile zile za kukodi.