Babe Didrikson: Bingwa wa Olimpiki aliyerudi darasa la kwanza

Ukikatiza Nguvumali jioni, jua likishapunguza makali, hukosi kukuta mechi ya mchangani, vumbi na kelele. Na katika kila timu hukosi dogo mmoja ambaye mtaa mzima unamjua. Ana chenga, ana mbio, ana shuti la mguu wa kulia ambalo makipa hawalipendi. Wazee kijiweni wameshampangia maisha: huyu lazima acheze Mkwakwani, na jezi ya Coastal Union au ya African Sports.

Sasa mwambie dogo huyo apige mpira ukutani mara mia kwa mguu wa kushoto. Atakuangalia kama umemtukana. Kwa akili yake, mazoezi ya namna hiyo ni ya wale ambao Mungu hakuwapa kipaji.

Leo tuweke soka pembeni kidogo. Nataka nikusimulie habari za mwanamke wa Kimarekani aliyefariki kabla hata Tanganyika haijapata uhuru, na mchezo wenyewe ni gofu. Najua, kwa wengi wetu gofu ni mambo ya wakubwa, ya Gymkhana na Lugalo, ya watu wenye kofia nyeupe na kijana wa kuwabebea mfuko wa fimbo. Vumilia tu. Habari hii inamhusu yule dogo kuliko unavyodhani.

MTOTO WA SEREMALA

Jina lake la kuzaliwa ni Mildred Didriksen, lakini dunia ilimjua kama Babe Didrikson. Alizaliwa Juni 26, 1911 huko Port Arthur, Texas, mji wa bandari kama ulivyo mji wetu. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway. Baba alikuwa fundi seremala, nyumba ina watoto saba, na hela ilikuwa ya kubana. Familia ilihamia Beaumont, mji wa jirani, na huko binti akiwa bado mwanafunzi alifanya vibarua vya kushona magunia ya viazi, analipwa senti moja kwa kila gunia. Watu wa Tanga ya mkonge hawahitaji kuelezwa zaidi.

Michezo ilikuwa damuni. Alikuwa akiruka nyua za majani za majirani mtaani kwao, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa ndiyo mazoezi yake ya mbio za kuruka viunzi. Jina la Babe mwenyewe alisema alipewa na wavulana aliocheza nao beziboli, kwa sababu alikuwa anaupiga mpira mbali kama Babe Ruth, mkali wa zama zile.

Mwaka 1930 kampuni moja ya bima ya Dallas ikamchukua. Kwenye makaratasi alikuwa karani, lakini kazi hasa ilikuwa kuichezea timu ya kampuni ya mpira wa kikapu, ambayo mwaka 1931 ilibeba ubingwa wa taifa.

Halafu ukaja mwaka 1932. Kwenye mashindano ya taifa ya riadha pale Evanston, Illinois, kampuni ilipeleka timu ya mtu mmoja, yaani Babe peke yake. Alishiriki michezo minane mchana mmoja, akakimbia kutoka mchezo huu kwenda ule hata jasho halijakauka. Mwisho wa siku alikuwa na pointi 30. Timu iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa na wanariadha 22, na wote kwa pamoja walipata pointi 22. Sio utani. Mtu mmoja alichukua ubingwa wa timu.

Wiki chache baadaye akaenda Olimpiki ya Los Angeles. Wanawake waliruhusiwa michezo mitatu tu kila mmoja. Babe akachukua dhahabu ya kurusha mkuki, dhahabu ya viunzi mita 80, na fedha ya kuruka juu, ambako alifikia urefu uleule wa mshindi ila waamuzi wakaona kichwa chake kimetangulia kuvuka, jambo lililokatazwa kwa sheria za wakati ule. Alikuwa na miaka 21, na tayari ni staa wa taifa zima.

UONGO MDOGO WA STAA

Hapa ndipo gofu inapoingia. Siku chache baada ya Olimpiki, waandishi wa michezo walimwalika kiwanjani, wakiongozwa na Grantland Rice, mwandishi mkubwa wa Marekani enzi hizo. Babe akapiga mipira mirefu iliyowaacha midomo wazi. Baadaye yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushika fimbo ya gofu.

Haikuwa kweli. Beaumont walijua kwamba alishaonjeshwa gofu tangu akiwa shule. Huyu pia ndiye aliyejipunguzia umri miaka kadhaa, jambo ambalo wapenzi wa soka hatuna haja ya kulishangaa.

Lakini tazama ni kitu gani alichoona kinafaa kufichwa. Hakuficha umaskini wala magunia. Alificha kwamba alifundishwa. Mastaa wengi wako hivyo, wanataka tuamini walishuka na kipaji kutoka mbinguni, na sisi mashabiki tunapenda kuamini. Dogo wa mtaani naye akisikia simulizi hizo anajumlisha moja na moja: kama wakali hawafundishwi, na mimi ni mkali, basi kocha wa nini?

MIPIRA ELFU KWA SIKU

Ukweli wa Babe uko kwenye alichokifanya mwaka 1933. Alikusanya akiba yake, akaenda California, akamtafuta mwalimu wa gofu aitwaye Stan Kertes. Kertes alimfundisha bila kumtoza hela.

Ebu fikiria. Bingwa wa Olimpiki, mwanamke ambaye magazeti yalikuwa yanagombania picha yake, amesimama mbele ya mwalimu kama mtoto wa darasa la kwanza. Na somo la kwanza la gofu halina raha yoyote. Ni kushika fimbo. Vidole hivi hapa, kidole gumba pale, usikaze sana, usilegeze sana. Linafuata la kusimama, miguu ipanuke kiasi gani na magoti yapinde kiasi gani. Kisha kuzungusha mwili, kuinua fimbo na kuishusha kwenye mstari uleule kila mara. Mpira wa gofu ni mdogo kuliko ndimu na umetulia palepale unakungoja, lakini uso wa fimbo ukigeuka kidogo tu wakati wa kuugonga, unaishia vichakani.

Hapo nguvu zilizompa medali ya mkuki hazikumsaidia. Wakati mwingine zilimponza. Mtu mwenye nguvu anataka kuupiga mpira kwa hasira, na gofu haijali hasira. Kupiga mbali alikuwa tayari anaweza. Kuupeleka mpira mahali alipotaka, na baadaye kuusukuma taratibu uingie shimoni, hilo alikuwa halijui.

Basi akapiga mipira. Kwa simulizi za wakati ule, alifikia mipira 1,000 kwa siku, saa nane mpaka kumi, hadi viganja vikachubuka na kutoa damu. Alivifunga plasta, akaendelea.

Akiba ilipokwisha, akarudi Texas kwenye kazi yake. Mwaka 1934 alizunguka na timu ya beziboli ya wanaume, House of David, waliosifika kwa kufuga ndevu, yeye akiwa mwanamke peke yake, ili apate hela. Watu walisema amechuja, staa wa Olimpiki amegeuka kiroja. Yeye alikuwa anatafuta nauli ya kurudi kwenye gofu.

OFISI IKAWA KIWANJA

Novemba 1934 akacheza shindano lake la kwanza la gofu, Fort Worth. Raundi ya mchujo alimaliza kwa mikwaju 77, akiwaongoza wote. Siku zilizofuata akatolewa mapema. Hapo wengi wangeridhika au wangekata tamaa. Babe akaongeza masomo.

Dallas alipata mwalimu mwingine, George Aulbach. Kwa maelezo yake mwenyewe, ratiba ilikuwa hivi: alfajiri kiwanjani, kisha kazini. Mchana wenzake wakila, yeye anafanya mazoezi ndani ya ofisi ya bosi, anasukuma mipira kwenye zulia na mingine anaipiga iruke iangukie kwenye kiti cha ngozi. Akitoka kazini anakwenda kwa mwalimu mpaka giza liingie. Usiku kitandani, anasoma kitabu cha sheria za gofu.

Aprili 1935 ukafika ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Texas, jijini Houston. Sasa tatizo halikuwa fimbo tena. Gofu ya Texas ilikuwa ya wake na mabinti wa matajiri, na wapo waliosema waziwazi kwamba mtoto wa mtu wa kipato cha chini hana nafasi pale. Fainali akakutana na Peggy Chandler, mzoefu wa mashindano hayo. Wanacheza mashimo 36, shimo kwa shimo, atakayeshinda mashimo mengi ndiye bingwa.

Shimo la 34, mpira wa Babe ukaangukia kwenye njia ya tairi la gari, chini maji, nje ya eneo la shimo. Mtu anayetegemea nguvu hapo ameisha. Babe akainama, akautazama mpira kama alivyofundishwa, akaupiga. Ukatoka majini, ukabingirika, ukaingia shimoni. Akashinda fainali kwa tofauti ya mashimo mawili.

Furaha haikudumu. Wiki chache baadaye chama cha gofu cha Marekani kikaamua kwamba, kwa kuwa alishalipwa kwenye michezo mingine, hawezi kuhesabiwa mchezaji wa ridhaa. Mashindano ya kulipwa kwa wanawake yalikuwa ya kuhesabu vidoleni. Mlango aliougonga kwa miaka miwili ulifungwa ndani ya siku moja.

Akafanya nini? Akaenda kusoma tena. Alizunguka nchi kucheza mechi za maonyesho na Gene Sarazen, mmoja wa wakali wakubwa wa wanaume. Wakati watazamaji wakimshangilia yeye, yeye alikuwa anamwangalia Sarazen, anauliza, anajaribu alichokiona. Miaka ya baadaye, akiwa tayari bingwa, bado alikwenda kwa Tommy Armour, mwalimu aliyeheshimika sana, kurekebishwa.

MAVUNO

Mwaka 1938 alifunga ndoa na mcheza mieleka George Zaharias. Sasa aliweza kuishi bila malipo ya michezo, akaomba kurudishiwa hadhi ya ridhaa, akasubiri miaka mitatu, akaipata mwaka 1943. Mwaka 1946 akawa bingwa wa wanawake wa ridhaa wa Marekani. Mwaka 1947 akavuka bahari mpaka Gullane, Scotland, akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa Uingereza wa wanawake wa ridhaa. Kisha akageukia gofu ya kulipwa, na mwaka 1950 alikuwa mmoja wa wanawake 13 walioanzisha LPGA, chama ambacho mpaka leo ndicho kinachoendesha gofu ya wanawake wa kulipwa Marekani. Mlango uliofungwa mwaka 1935, alishiriki kujenga mwingine. Mashindano ya Wazi ya Marekani kwa wanawake alishinda mwaka 1948 na 1950.

Halafu ikaja saratani. Aprili 1953 madaktari walimfanyia upasuaji mkubwa wa utumbo, wakamwekea njia ya choo tumboni. Kurudi kwenye mashindano hakukutarajiwa. Baada ya miezi mitatu na nusu hivi alikuwa kiwanjani anacheza, miguu ikichoka anakaa chini kabla ya mkwaju unaofuata.

Mwaka 1954 akaingia tena Mashindano ya Wazi, pale Salem Country Club, Massachusetts. Siku ya mwisho ilikuwa mashimo 36 kwa mguu, kwa mtu mwenye mfuko tumboni chini ya sketi. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju 12. Kwa lugha yetu, hiyo ni fainali uliyoshinda sita bila. Hakuificha saratani. Aliizungumza hadharani wakati ambapo watu wengi walikuwa wanaona aibu hata kuitaja.

Ugonjwa ulirudi. Babe alifariki Septemba 27, 1956, Galveston, Texas, akiwa na miaka 45.

TURUDI NGUVUMALI

Mpaka leo Babe anatajwa kama mwanamke aliyezaliwa na kila kitu, na mwenyewe alichangia kuueneza uongo huo. Mimi ninachokumbuka ni plasta viganjani na kiti cha ngozi cha bosi.

Kipaji cha Evanston kilimpa mchana mmoja na Olimpiki moja. Gofu ilimpa miaka ishirini, na gofu hakuzaliwa nayo. Aliiomba kwa walimu watatu, wanne, akiwa tayari na medali kabatini.

Yule dogo wa Nguvumali ana kitu ambacho Babe alikuwa nacho mwaka 1932, mtaa mzima unamshangilia. Bado hana alichokuwa nacho mwaka 1933, ule moyo wa kusimama mbele ya mwalimu na kukubali kuonekana hajui. Ukuta upo palepale nyuma ya goli. Mguu wa kushoto anao. Mipira mia ni kama dakika kumi na tano tu, na ikianza leo jioni, kabla vumbi la mechi halijatulia, hakuna atakayemcheka zaidi ya wiki moja.