Elias Howe na Cherehani

Mtu akipita sokoni Tunduma au Vwawa husikia barazani sauti ya cherehani. Fundi ameketi, miguu yake yakanyaga, mikono yake yaongoza kitambaa, na mshono watoka umenyoka. Nyumbani nako mama mwenye cherehani hupima, hukata, na kumshonea binti yake gauni linalomkaa vema mwilini. Kazi hiyo huonekana kuwa nyepesi. Lakini zamani kila mshono wa kila nguo duniani ulishonwa kwa mkono. Habari hizi ni za mtu aliyefanya bidii kuibadili kazi hiyo, na za taabu zilizompata kabla hajafaulu.

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai 1819 katika kijiji cha Spencer, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikuwa na kinu cha kusaga nafaka na kinu cha kupasulia mbao. Watoto walikuwa wengi na mali ilikuwa chache, kwa hiyo hata wadogo walifanya kazi. Elias alipokuwa na umri wa miaka 6 alichomeka meno ya waya katika vipande vya ngozi vya kuchambulia pamba. Tangu kuzaliwa alikuwa na kilema cha mguu, akachechemea, na kazi nzito za shamba zilimshinda. Alipenda zaidi kukaa kinuni na kutazama jinsi gurudumu moja linavyosukuma jingine.

Mwaka 1835, alipokuwa na miaka 16, alikwenda Lowell kujifunza kazi katika kiwanda cha kutengeneza mashini za kufumia pamba. Jimbo la Massachusetts lilijulikana mbali kwa nguo zake. Kutoka bandari yake ya Salem merikebu zilileta Unguja kitambaa cha pamba kigumu, nazo misafara ikakipeleka bara mpaka nchi za maziwa. Wazee wetu walikiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Basi mashini za kusokota na za kufuma zilikwisha kupatikana, na kitambaa kilifumwa kwa wingi sana. Lakini kikisha kufumwa, kulikuwa hakuna njia ya kukifanya nguo ila sindano na mkono wa mtu.

Mwaka 1837 biashara ya Marekani iliharibika, viwanda vikafungwa, na Elias akakosa kazi. Baadaye akapata kazi mjini Boston kwa fundi mmoja jina lake Ari Davis, aliyetengeneza vyombo vya mabaharia na vya wataalamu. Siku moja alimsikia bwana wake akizungumza na mgeni. Bwana yule alisema kwamba mtu atakayeweza kutengeneza mashini ya kushona atakuwa tajiri. Wengine waliyasikia maneno hayo wakayasahau. Elias aliyaweka moyoni.

Akaoa mke, jina lake Elizabeth, nao wakapata watoto watatu. Mshahara wa Elias ulikuwa dola 9 kwa juma, na haukutosha. Mara nyingi alirudi jioni amechoka hata hawezi kula, akajilaza kitandani. Mkewe, akisha kuwalaza watoto, aliketi karibu na taa na kuwashonea watu nguo ili apate fedha kidogo ya chakula. Elias alimtazama saa nyingi. Sindano iliingia, ikatoka, uzi ukavutwa, na sindano ikaingia tena. Akajiuliza ni chombo gani kitakachoweza kuipumzisha mikono ile.

Kwanza alijaribu kuuiga mkono. Akafanya sindano yenye ncha mbili na tundu katikati, ipite kitambaani huku na huku. Akaihangaikia kwa muda wa miezi mingi, wala haikufaa. Ndipo alipotambua kosa lake. Si lazima mashini ishone kama mtu ashonavyo. Basi akatoboa tundu la sindano karibu na ncha yake. Sindano iliposhuka ilipenyeza uzi chini ya kitambaa na kufanya kitanzi kidogo. Chini palikuwa na chombo kingine chenye uzi wa pili, nacho kikapita katika kitanzi kile. Nyuzi mbili zikashikana katikati ya kitambaa, na mshono haukufumuka.

Kazi hii ilitaka fedha. Mwaka 1844 rafiki yake George Fisher, mfanya biashara wa kuni na makaa, aliwapokea Elias na jamaa yake nyumbani kwake, akampa na dola 500 za kununulia vifaa. Wakapatana kwamba faida wataigawa nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata mashini ikashona suti mbili za sufu, moja ya Fisher na moja ya Elias mwenyewe. Hivyo nguo alizozivaa mwilini zikawa ushahidi wa kazi yake.

Elias akaipeleka mashini katika kiwanda cha nguo mjini Boston, akashindana na washonaji watano hodari. Kila mmoja wao alipewa mshono mmoja, naye akapewa mitano. Mashini ilikwenda mishono 250 kwa dakika moja. Elias akamaliza kabla yao wote, na mishono yake ikaonekana kuwa imara. Watu wakastaajabu, lakini hakuna aliyenunua. Mafundi waliogopa kwamba mashini itawanyang'anya chakula chao. Tena bei yake ilikuwa dola 300, ndiyo mshahara wa Elias wa majuma zaidi ya 33. Tarehe 10 Septemba 1846 serikali ilimpa hati ya kulinda kazi yake, mtu mwingine asiitumie bila ruhusa. Lakini hati hailiwi, na Fisher alikuwa amechoka kutoa fedha.

Basi ndugu yake Amasa akaichukua mashini moja mpaka Uingereza. Huko London tajiri mmoja mwenye kiwanda, William Thomas, aliinunua kwa pauni 250, akamwita Elias aje amfanyie kazi kwa pauni 3 kwa juma. Elias akaenda, na mkewe na watoto wakamfuata. Lakini haukupita mwaka, akagombana na tajiri yule, akaachishwa kazi katika nchi ya ugeni. Umaskini ukawashika. Elizabeth alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo Elias akamrudisha Marekani pamoja na watoto. Yeye akabaki, akaazima fedha ya chakula. Mwisho akaweka rehani mashini yake na hati yake ili apate kurudi kwao.

Alifika New York mwezi wa Aprili 1849 akiwa na senti chache tu mfukoni. Akapata kazi, lakini mara habari ikaja kwamba mkewe yu karibu kufa huko Cambridge. Hakuwa na nauli. Baba yake akampelekea dola 10, akasafiri, akamkuta bado yu hai, na baada ya siku chache Elizabeth akafa. Siku ya maziko Elias hakuwa na nguo ya kumstahi marehemu, akaazima suti kwa shemeji yake. Hivyo mtu aliyeipa dunia mashini ya kushona alimzika mkewe katika nguo ya kuazima.

Katika siku zile alipokuwa ng'ambo, watu wengine Marekani walikuwa wamekwisha kutengeneza cherehani kwa njia yake bila ruhusa. Baadaye mkubwa wao akawa Isaac Singer, mtu mwenye akili nyingi, aliyeongeza mambo mazuri katika mashini. Elias akaikomboa hati yake, akawashitaki. Washitakiwa walileta habari kwamba Walter Hunt alikuwa amefanya mashini ya namna ile kabla yake, miaka ya 1830. Ni kweli, lakini Hunt aliiacha kazi yake bila kuikamilisha wala kuiombea hati. Mwaka 1854 Elias akashinda, na Singer akamlipa dola 15,000. Mwaka 1856 wenye viwanda wakapatana naye, akapata dola 5 kwa kila cherehani iliyouzwa Marekani. Maskini yule akawa tajiri mkubwa.

Utajiri haukumfanya ajione. Vita ya Marekani ya wenyewe kwa wenyewe ilipotokea, alijiandikisha mwaka 1862 kuwa askari wa kawaida, akafanya kazi ya kuchukua barua za kikosi. Mishahara ya askari ilipochelewa, aliwalipa wenzake kwa fedha zake. Alikufa tarehe 3 Oktoba 1867, mwenye umri wa miaka 48.

Kazi yake haikufa. Shati la mwanamume lililotaka saa 14 hivi kwa mkono lilishonwa kwa mashini kwa saa moja na robo hivi. Kampuni ya Singer ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, hata watu wa kawaida wakaweza kuziweka nyumbani. Na mwaka 1863 fundi Ebenezer Butterick, wa jimbo lile lile la Massachusetts, akaanza kuuza vielelezo vya karatasi vya vipimo mbalimbali, ili mtu akate nguo yake bila kukosea. Basi kila mwenye nyumba akaweza kuwa fundi wa nguo zake mwenyewe. Elizabeth hakuiona siku hiyo, ingawa ni mikono yake iliyochoka ndiyo iliyomfundisha mumewe kutafuta.

Maswali
1. Kwa nini sindano ya kwanza ya Elias haikufaa?
2. Eleza jinsi nyuzi mbili zinavyoshikana katika mshono wa cherehani.
3. Mafundi wa Boston waliogopa nini? Je, walikuwa na haki?
4. Taja watu waliomsaidia Elias, na msaada wa kila mmoja.